Kosoeni gauni, shingo yake iacheni

Usiku wa tarehe 2 Machi 2014, huku kwetu ikiwa tayari alfajiri ya tarehe 3, Afrika Mashariki ilikuwa na macho kwa mtu mmoja tu. Lupita Nyong'o, aliyetimiza miaka 31 siku moja kabla, alipanda jukwaani Hollywood kuchukua Oscar yake kwa filamu ya 12 Years a Slave. Gauni lilikuwa la Prada, buluu ya mbingu iliyopauka kidogo, marinda membamba yakimwagika kutoka kiunoni, na kifuani mkato wa V ulioshuka bila woga. Mwenyewe alisema rangi ile inamkumbusha Nairobi. Kwa muda mrefu baada ya hapo mabinti walikuja kwangu kushona magauni ya sendofu wakiwa na picha ile ile kwenye simu, nami nikawa na kazi ya kuwaeleza kwamba marinda yale hayatoki kwenye satini ya bei ya chini, hata uyapige pasi mpaka Idi.

Ukumbini humo humo, usiku huo huo, alikuwamo mwigizaji Kim Novak. Alikuwa na miaka 81. Aliitwa kutangaza mshindi wa filamu ya katuni akiwa na Matthew McConaughey, na kabla hajarudi kukaa watu walikuwa wameshamchana mitandaoni. Si kwa nguo aliyovaa. Kwa mashavu. Donald Trump, wakati huo mfanyabiashara mwenye kipindi chake cha televisheni, aliandika Twitter kwamba mama huyo amshtaki daktari wake wa kurekebisha sura. Mshereheshaji wa usiku ule, Ellen DeGeneres, naye alimtania Liza Minnelli, aliyebakiza siku chache afikishe miaka 68, kana kwamba aliyekaa kwenye kile kiti ni mwanamume aliyejivika sura ya Liza. Watu wakacheka. Liza Minnelli ana Oscar yake mwenyewe, ya Cabaret, tangu mwaka 1973.

Mimi ni fundi wa nguo za sherehe hapa Dar es Salaam, kazi niliyoifanya kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sitaki kuhesabiwa na wale wanaosema tusitazame mavazi ya wasanii kwa sababu eti ni mambo ya kipuuzi. Natazama. Na ninakosoa, tena kwa mdomo mchafu nikiwa na mafundi wenzangu. Natazama pindo limekaa au limekwenda upande, zipu imepita wapi, koseti inambeba yeye au yeye ndiye anaibeba koseti. Zulia jekundu ni maonyesho ya kazi za watu, na kazi iliyotolewa hadharani hukosolewa hadharani. (Mwaka 2023 waliweka la rangi ya shampeni, tukaendelea kuliita jekundu.) Ninachodai ni kidogo tu. Kosoa kilichoshonwa. Shingo haikushonwa, na hata kama imeshonwa, aliyeishona hakuja pale kushindana na mafundi.

Wengi waliomcheka Novak hawajaiona Vertigo, filamu ya Alfred Hitchcock ya mwaka 1958. Mimi kila nikiiona naitazama kama fundi. James Stewart ni mwanamume aliyempoteza mwanamke aliyempenda. Siku moja barabarani, katika jiji la San Francisco, anamwona mwingine anayefanana na yule, na tangu hapo kazi yake ni moja: kumgeuza huyu awe yule. Anampeleka dukani. Zinaletwa suti, anazikataa zote, mpaka iletwe ya kijivu kama ile ya marehemu. Mwanamke anaona kinachofanyika, anasema hataki, mwanamume haambiliki. Vikaja viatu. Zikaja nywele, zitiwe rangi ya dhahabu, zifungwe kisogoni vile vile. Wanawake wote wawili anawaigiza Novak. Suti ile ya kijivu aliibuni Edith Head, mbunifu aliyekusanya Oscar nane maishani mwake, na nje ya kamera mambo yalikwenda kama ndani ya filamu: Novak alimwambia Head kwamba kijivu hakipendi na viatu vile vyeusi havipendi, Hitchcock akashikilia lake, Novak akavivaa.

Studio yake, Columbia, ilikuwa imeshambadilisha jina. Alizaliwa Marilyn, na Hollywood tayari ilikuwa na Marilyn mmoja. Walitaka kumwondolea na la ukoo, akalipigania mpaka likabaki. Kwenye Vertigo alikuwa bado binti wa miaka ishirini na kitu. Stewart alimzidi kwa karibu miaka 25, na hakuna aliyeuliza huyu mzee anamfanyia nini huyu mtoto.

Kwa hiyo huyu ni mtu ambaye wakubwa walimshika kidevu na kukigeuza huku na huku tangu ujana wake. Aliondoka Hollywood, akaenda kuishi Oregon na farasi wake na rangi zake za kuchorea. Wakamwita kwa usiku mmoja. Baadaye alikubali mwenyewe kwamba alikuwa amedungwa mafuta mashavuni. Sasa niambie: mwanamke wa miaka 81 anayejua kwamba kesho dunia nzima itauvuta uso wake kwa vidole viwili kwenye kioo cha simu, atajiandaa vipi? Alijiandaa jinsi tasnia ile ilivyomfundisha. Wiki chache baada ya tuzo aliandika barua ya wazi akasema alichofanyiwa ni uonevu, na hakuona sababu ya kukaa kimya.

Karakanani kwangu kuna kioo kirefu, kimeanzia sakafuni. Mama wa bwana harusi amekuja kujaribisha gauni la lesi rangi ya zabibu. Limekaa vizuri, nasema hivyo bila kujisifu. Lesi ile nilikwenda mwenyewe Kariakoo kuichagua, na bitana yake laini haimkwaruzi. Niko chini nimepiga magoti nabana pindo kwa pini. Nikiinua macho, naona gauni halitazami. Ameweka vidole chini ya masikio, anavuta ngozi ya taya irudi nyuma, anaiachia, anaivuta tena. "Fundi, hapa utanifichia na nini?" Mama huyu ana duka lake la jumla, amesomesha watoto wanne, na wafanyabiashara wa kiume sokoni wanamwogopa. Namwambia ukweli: "Dada yangu, kitambaa cha hapo sijakiona dukani."

Wateja wa chini ya miaka 30 huniambia, "Nibane hapa." Waliovuka 50 huniambia, "Nifichie hapa," na mpangilio ni ule ule: mikono ya juu, shingo, halafu tumbo. Wengine ni wale wale, ila miaka imepita katikati. Anataka mikono mirefu yenye bitana, harusi ni Februari, na ukumbini hakuna kiyoyozi cha kuaminika. Nisieleweke vibaya: mteja anayejisitiri kwa imani yake namshonea kwa raha, maana huyo ameamua na anajua anachokitaka. Namzungumzia yule ambaye mwaka juzi alivaa bila mikono, akacheza muziki mpaka saa nane za usiku, na leo anaiogopa simu ya shemeji yake.

Hollywood hofu hiyo hiyo imewekewa bajeti. Kule nyota hanunui gauni la zulia jekundu, anaazimwa. Nyumba za mitindo za Paris na Milan hushona nguo za maonyesho kwa vipimo vya wanamitindo, miili mirefu na myembamba ya wasichana wadogo. Gauni likishatoka kwenye maonyesho, mtaalamu wa mavazi wa msanii hulipigania, msanii hulivaa usiku mmoja, kisha linarudi lilikotoka. Vito navyo huja na mlinzi wake. Wenye majina makubwa zaidi huwa na mkataba na nyumba fulani, na hao hulipwa kuvaa. Ukiutazama mpango huo kifundi, utaona kwamba mwanamke ambaye mwili wake umeachana na vipimo vile vya msichana anahitaji ashonewe upya, na kushona upya ni gharama: kitambaa, siku za kazi, safari za kujaribisha. Ndipo nyumba inapopiga hesabu. Huyu atatuletea picha ngapi?

Leslie Jones alilisema hilo hadharani mwaka 2016. Alikuwa na miaka 48, mmoja wa nyota wanne wa Ghostbusters mpya, na siku ya uzinduzi wa filamu inakaribia hakuna mbunifu aliyetaka kumvisha. Christian Siriano akajitokeza, akamshonea gauni jekundu lililomkaa mpaka mimi niliye huku nikapiga makofi. Kwa hiyo hao wakubwa kwa umri tunaowaona pale wamefunikwa kuanzia kidevuni hadi kwenye vifundo vya mikono, si wote waliochagua hivyo. Wengine ndicho kilichopatikana.

Halafu zikaja kamera. Chaneli ya E! ilimweka Joan Rivers pembeni ya zulia katikati ya miaka ya 1990, na swali lake la umevaa ya nani likawa ndiyo sherehe yenyewe. Rivers alikuwa mkali, anachekesha, na upasuaji wake mwenyewe aliufanyia mzaha kabla ya mtu mwingine kuufanyia. Alifariki Septemba 2014 akiwa na miaka 81, umri ule ule wa Novak mwaka ule ule. Waliomfuata walirithi ukali, uchekeshaji wakauacha. Ikaja kamera ya kupanda taratibu kutoka kwenye viatu hadi kichwani. Januari 2014, kwenye tuzo za chama cha waigizaji, Cate Blanchett alichuchumaa mbele yake akamuuliza mpiga picha kama na wanaume anawafanyia hivyo. Kikaja kisanduku cha kuonyesha kucha, ambamo mwigizaji aliyekuja kusubiri tuzo ya kazi yake anatembeza vidole vyake kama mtoto anayecheza na wanasesere. Mwaka 2015 akina Julianne Moore na Jennifer Aniston walikataa.

Mwaka huo huo Reese Witherspoon na wenzake walishika kampeni ya kutaka waigizaji wanawake waulizwe maswali ya maana kuliko ya nguo. Hapo mimi sikuungana nao moja kwa moja. Kuuliza nani kashona si tusi. Ndiyo nafasi pekee usiku ule ambapo kazi ya mikono inatajwa mbele ya dunia, hata kama linalotajwa ni jina la nyumba tu. Wale wanawake wa karakana ya Lesage, Paris, wanaoshona ushanga mmoja mmoja kwa wiki nzima, hakuna aliyewahi kuwawekea kipaza sauti. Laiti maswali yangeingia ndani zaidi ya gauni badala ya kulikimbia: shanga zimeshikwa na nini, uzito wake kilo ngapi, umekaaje kwenye gari bila kuyakunja marinda. Ningesikiliza usiku kucha. Ninachokataa ni pale swali la gauni linapokuwa mlango wa kuingilia kwenye ngozi.

Wanaume sitawapa nafasi kubwa, wameshapewa. Wanavaa tuksedo ile ile kila mwaka, mvi zikitokea zinaitwa haiba. Mwaka 1989 jarida la People lilimtangaza Sean Connery kuwa mwanamume anayevutia kuliko wote walio hai. Alikuwa na miaka 59. Mwaka uliotangulia Sally Field alikuwa mwanamke ambaye Tom Hanks anampenda kwenye filamu ya Punchline. Miaka sita baadaye, kwenye Forrest Gump, akawa mama yake mzazi. Amemzidi Hanks kwa miaka kumi tu. Naye Maggie Gyllenhaal alisimulia mwaka 2015 kwamba, akiwa na miaka 37, aliambiwa ni mkubwa mno kuwa mpenzi wa mwigizaji mwenye miaka 55.

Binti wa kaka yangu, ambaye ndiye anayeendesha kurasa za mitandao za karakana yetu, haniungi mkono. "Shangazi, wamelipwa hao. Sura yao ndiyo biashara, na bidhaa hukaguliwa." Ni hoja, siwezi kuitupa. Ila bidhaa anayoiuza mwigizaji ni kuigiza, na ngozi isiyosogea haiigizi. Tunataka uso usio na mkunjo halafu tunataka uso huo ulie, ucheke, uogope, uone aibu. Akiziacha ndita zake, tunasema kachoka. Akizijaza, tunasema kajiharibu. Renée Zellweger alijitokeza kwenye hafla moja ya jarida la Elle Oktoba 2014, na dunia ikatumia wiki nzima kuuliza uso wake wa zamani uko wapi. Mwaka 2016 mhakiki wa filamu aliandika kwenye Variety akihoji kama huyu bado ni mwigizaji yule yule. Zellweger akajibu kwa maandishi kwamba hakupasuliwa, na kwamba hata angepasuliwa isingekuwa habari. Februari 2020 alichukua Oscar kwa kumwigiza Judy Garland, mwanamke ambaye studio ilimlisha vidonge tangu utotoni na aliyekufa na miaka 47. Judy Garland ndiye mama yake Liza Minnelli, yule aliyechekwa.

Aliyeuweka mtihani huu kwenye filamu ni Mfaransa Coralie Fargeat, mwaka 2024, katika The Substance. Sipendi filamu za damu, na ile ina damu ya kuogea. Lakini kuna dakika chache ambazo hazina damu hata tone. Demi Moore, aliyekuwa amevuka 60 filamu ilipotoka, anajiandaa kutoka na mwanamume mmoja wa kawaida kabisa, mtu aliyesoma naye shule, ambaye angefurahi kumwona hata kama angekuja na kanga. Amevaa gauni jekundu. Limemkaa. Anafika mlangoni, anarudi kwenye kioo kuongeza rangi ya mdomo. Anatoka, anarudi, anafunika kifua na skafu. Kila akirudi anazidi kujiona hafai, mpaka mwisho anausugua uso kwa mikono, rangi ya mdomo ikatapakaa mashavuni, na hatoki tena. Nilimwona mama wa lesi ya zabibu pale. Mwongozaji hakutia chumvi.

Kwa kazi hiyo Moore alichukua Golden Globe Januari 2025, na jukwaani alieleza jinsi mtayarishaji mmoja alivyomwambia miaka 30 nyuma kwamba yeye ni mwigizaji wa filamu za kutafunia bisi, naye akaamini. Gauni lilikuwa la Armani, la dhahabu, kazi safi. Machi mwaka huo huo Oscar ikaenda kwa Mikey Madison wa filamu ya Anora, mwenye miaka 25. Madison ni mwigizaji hodari na sina ugomvi naye. Ila waliopiga kura wangeandika wenyewe sura ya mwisho ya The Substance, sidhani kama wangeiandika vinginevyo.

Lipo na jaribio la upande wa pili. Pamela Anderson alikwenda kwenye wiki ya mitindo ya Paris mwaka 2023 akiwa na miaka 56, uso mtupu, hakuna hata wanja. Alikuwa ameshaeleza kwamba baada ya kufariki msanii wake wa vipodozi wa miaka mingi, Alexis Vogel, aliona hana sababu ya kuendelea na mapambo yale. Ni maelezo ya mtu aliyefiwa, na yangetosha. Magazeti yakamvika ujasiri, kana kwamba ametoka vitani. Muda si muda wenzake wa umri wake waliopaka poda wakaanza kuulizwa kwa nini wao hawana ujasiri huo. Hata kunawa uso kumetungiwa mtihani.

Na tusijifanye tuko mbali. Mwigizaji wa hapa nyumbani akivuka 40 akaweka picha ya siku yake ya kuzaliwa, teremka kwenye maoni: bibi, kachoka, kafubaa, enzi zake zimepita. Akija amejikwatua, ni mkorogo. Wanaoandika ni vijana, na mara nyingi ni wanawake wenzetu. Nawajua baadhi, wapo kwenye kundi letu la kicheni pati. Wale wale wakija kwangu kupimwa hunong'ona wanaponitajia upana wa kiuno.

Gauni la zulia jekundu ninalolipenda kuliko yote lilivaliwa mara mbili. Aprili 1962 Rita Moreno alichukua Oscar ya West Side Story. Alikuwa akiigiza filamu Ufilipino, akaruka kuja kwenye sherehe na gauni aliloshonewa huko Manila na mbunifu Pitoy Moreno, wanafanana jina tu. Sketi pana, kitambaa cha mikanda ya kimono za Kijapani, kizito, cheusi na dhahabu. Juu bodisi jeusi lililofunika kifua chote. Hotuba yake ilikuwa fupi kuliko muda wa kupanda ngazi. Machi 2018 akarudi Oscar kama mtangazaji, ana miaka 86, na sketi ni ile ile. Ilikuwa imetundikwa kabatini.

Fundi yeyote akisikia hivyo anauliza maswali ya kifundi. Kitambaa cha namna ile hakinyooki, hakina huruma. Mwili wa miaka 30 na mwili wa miaka 86 hailingani kiuno, hailingani mgongo, hata urefu hupungua. Uzi huoza kabla ya kitambaa. Bitana huoza kabla ya uzi. Mafundi wa zamani waliacha akiba ya kutosha pembeni mwa mshono kwa kujua nguo itafumuliwa. Siku hizi tunakata pembeni kabisa, overloki, basi. Lakini kilichonifurahisha ni uamuzi wa juu. Mteja wangu wa umri huo angesema ongeza mikono, pandisha shingo. Rita Moreno alilikata bodisi. Mwaka 1962 mabega yalifunikwa; mwaka 2018 yakawa wazi, akavaa glavu nyeusi ndefu na mkufu mkubwa shingoni, mahali hasa ambapo wenzake wanaficha. Alicheza akiwa juu ya zulia. Hapo ndipo pa kukosoa kama unataka, na mimi kosa ninalo: glavu zile zingepungua kidogo, zingeacha kitambaa kizungumze.

Jane Fonda alifanya la kufanana na hilo Februari 2020. Alikuwa ameapa kutonunua nguo mpya tena, kwa sababu ya kampeni yake ya tabianchi, hivyo akiwa na miaka 82 alitangaza ushindi wa Parasite akiwa amevaa gauni jekundu la Elie Saab alilokuwa amelivaa Cannes mwaka 2014. Nywele alikuwa ameziacha ziwe za fedha. Magazeti yaliandika kwa mshangao kwamba nyota amerudia nguo. Huku kwetu gauni la harusi ya mtoto wa kwanza linavaliwa mpaka kipaimara cha mjukuu, ila tusiwaambie.

Septemba 2025 tamasha la Venice lilimpa Kim Novak tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Alikuwa na miaka 92. Nilizifuata picha zake, na chini ya nyingi nilikuta kitu kile kile: jina, mkato, umri, mkato, kisha sifa moja kuhusu anavyoonekana kwa umri huo. Jina la aliyeshona nililitafuta kwa taabu. Lupita naye amevuka 40, na wameshaanza kumwandika kwamba hazeeki, sifa ambayo ina tarehe ya mwisho ndani yake. Wahariri wa kurasa za burudani, nyie ndio mnaoandika maneno ya chini ya picha, na nafasi mliyonayo ni mstari mmoja. Niandikieni kitambaa. Niandikieni rangi kwa jina lake, aliyekata, aliyeshona, na kama koseti imempinda mgongo semeni hivyo, nitawaunga mkono. Umri wa mama wa watu tutauliza siku akikata keki.